Wazazi wakigongana majukumu kwenye shughuli za shule

Umeuliza ufanyeje: wazazi wawili waliojitolea kwenye tamasha la shule kila mmoja alijua meza ya mapokezi ni yake, wakajibizana mbele ya watu, sasa kundi la wazazi limepoa na shughuli nyingine inakaribia. Nimekaa kwenye kamati za wazazi miaka kadhaa, haya nimeyaona sana.

Kwanza, usiitishe kikao. Jambo dogo likiitiwa kikao linageuka kesi, na kila mtu atakuja na ushahidi wake. Wala usilimalizie kwenye kundi. Mpigie kila mmoja simu, maana mtu akishanuna, hata "sawa" yako ataisoma kama umefoka. Usianze na "mwenzako anasema". Anzia kwenye kazi: "Mama Fulani, pole na ya juzi. Naona meza moja ilipewa watu wawili. Safari hii ungependa ushike nini?" Wengi hupoa hapohapo. Wachache watakusimulia yote tangu mwanzo; sikiliza tu, usimtetee yule mwingine.

Mara nyingi chanzo si ukorofi, ni lile neno "tutasaidiana". Kikaoni kila mtu anaitikia, kumbe kila mmoja ameondoka na lake kichwani. Au ujumbe unatumwa, mtu anaweka dole gumba: yeye anamaanisha ameona, aliyetuma anaelewa amekubali. Ndiyo maana mimi nataka kila kazi iwe na jina moja. Wasaidizi wawe hata watano, ila wa kuulizwa ni huyo mmoja. Orodha nayo iandikwe tarehe juu, kwa sababu ya zamani haifi, inazunguka tu kwenye simu za watu.

Siku moja ya michezo mama mmoja alikuja na orodha ya mbio aliyoichapisha mapema, baba mmoja anayo ile mwalimu aliyoirekebisha baadaye. Watoto wameshajipanga kwenye mstari wa chaki, hawa wawili wanaoneshana karatasi. Mjumbe mwenzetu hakuuliza nani kakosea. Alimwachia baba karatasi yake, akampa mama kalamu: "Yeye asome majina, wewe utie vema." Mbio zikaanza. Nilichokipenda ni kwamba yule mama hakubaki amesimama mikono mitupu. Mtu aliyekesha akichapisha orodha kwa wino wake, ukimwambia mbele ya watoto "hiyo imepitwa, weka pembeni", usitegemee kumwona tena mwaka huu.

Yapo mawili ambayo siyaiti madogo. Pesa zihesabiwe na watu wawili, wote watie saini, na zikipungua iandikwe palepale na mwalimu mhusika aambiwe. Mtoto naye akifuatwa na mtu asiye kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kumchukua, hapo hakuna kuoneana haya: simamisha, mwite mwalimu.

Kuna watakaokushauri uwapange hao wawili pamoja ili wapatane. Mimi sikubaliani nao. Walikuja kuwasaidia watoto wao, hawakuja kusuluhishwa. Mmoja mpe maandalizi ya siku iliyotangulia, mwingine ashike kufunga na kusafisha. Wakizoeana tena wenyewe, vizuri. Wasipozoeana, kazi imefanyika.

Shukrani nazo ziangalie. Ukiandika kwenye kundi, wataje wote wawili, na utaje walichofanya: nani alipanga viti, nani alikaa mapokezi hadi mgeni wa mwisho. Nimeona mtu akisamehe kupokonywa meza lakini kusahauliwa jina kwenye shukrani akakumbuka mpaka mtoto anamaliza shule.

Ukishawapigia, orodha mpya itume siku hiyohiyo, kabla hawajaanza kuulizana pembeni nani kapangwa wapi.