Kura ya Kijana Haifiki Arusha

Mmeuliza wiki hii kama vijana wanaliogopa Shirikisho la Afrika Mashariki, yaani nchi za Jumuiya kuungana chini ya serikali moja. Kwa maoni yangu si woga. Kijana anayevusha vitunguu Namanga anakijua vizuri cheti chepesi cha uasilia, kile cha kuonyesha kwamba mzigo usiozidi dola 2,000 umetoka nchi mwanachama. Mwulize sasa nani anamwakilisha Arusha, kwenye Bunge la Afrika Mashariki. Ataguna tu, na hana kosa.

Ibara ya 50 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki imeyapa mabunge ya nchi wanachama kazi ya kuchagua, kila moja, watu 9 wasiokuwa wabunge wake, waende Bunge hilo la Arusha. Tanzania yenye watu zaidi ya milioni 60 inapeleka 9, Burundi nayo 9. Mgombea anajinadi kwa chama, kisha kwa wabunge; stendi na vyuoni hana haja ya kufika. Vyama, jinsia na makundi maalumu yawakilishwe kadiri inavyowezekana, inasema ibara hiyo, na hapo kwenye kuwezekana ndipo mizozo inapozaliwa.

Mwaka 2006 orodha ya Kenya ilipingwa Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, kwa hoja kwamba hapakuwa na uchaguzi wowote, ila majina ya vyama yaliyopitishwa tu. Mahakama ikazuia wateule wasiapishwe. Wakuu wa nchi hawakukawia: Desemba hiyohiyo wakaurekebisha Mkataba, wakaunda kitengo cha rufaa cha Mahakama hiyo na kuweka kikomo cha miezi 2 cha kufungua shauri.

Mei 2025 mawakili na wanaharakati wa Kenya waliokwenda Dar es Salaam kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, kiongozi wa upinzani Tanzania, walizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao. Kwa kijana aliyeyaona hayo kwenye simu, hiyo ndiyo Jumuiya. Soko la pamoja la 2010 atalisikia baadaye.

Mlango uliobaki ni Ibara ya 30 ya Mkataba huo. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kushtaki kwenye Mahakama ya Arusha sheria, uamuzi au kitendo cha serikali kinachovunja Mkataba, bila kuanzia mahakama za nyumbani. Wengi hawalijui hilo, wanakata rufaa kwao kwanza, na miezi 2 inapita. Shauri la mateso ya Mlima Elgon, Kenya, nalo lilikwama kwa kuchelewa: mwaka 2012 kitengo cha rufaa kilisema kwamba ukiukaji kuendelea hakusimamishi saa. Siku zinahesabiwa tangu kitendo kilipofanyika au mlalamikaji alipokijua. Kwa hiyo aliyezuiwa mpakani adai barua au muhuri wenye tarehe siku ileile, kisha aende masjala ndogo ya Mahakama hiyo. Zipo Nairobi, Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Bujumbura.