Wasomaji wanauliza: kopo la oili kwenye injini ya turbo

Habari za kazi. Nina Subaru Forester SG5 yenye injini ya EJ205. Fundi alipofungua intakula (kipoza hewa ya turbo) alikuta oili ndani yake, akanishauri nifunge kechi keni, yaani kopo la kunasa oili. Nimeona kopo la bei nafuu linalouzwa pamoja na mipira yake. Je, litafaa? Na linafungwaje? — Msomaji, Nakuru

Oili hiyo imeletwa na pumzi ya injini yenyewe. Kila mafuta yanapowaka, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye bloku, halafu hutafuta pa kutokea ikiwa imebeba ukungu wa oili, mvuke wa maji na petroli isiyoungua. Injini ikiwa imetulia, manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, huivuta gesi hiyo kupitia vali ya PCV, ambayo hupitisha gesi upande mmoja tu. Ukikanyaga mafuta na turbo ikaanza kusukuma, presha huifunga vali hiyo. Gesi, ambayo wakati huo ndiyo nyingi zaidi, hulazimika kupita kwenye mipira ya silindahedi na ya bloku hadi paipu ya hewa iliyo kabla ya turbo. Ndiyo maana oili inaonekana kwenye turbo na intakula.

Utando mwembamba wa oili kwenye intakula ni jambo la kawaida kwa injini hii. Ukikuta oili inatiririka, hapo pana tatizo. Oili ikiungua pamoja na petroli hushusha oktani, yaani uwezo wa petroli kuhimili kugonga, na injini huanza kugonga. Injini za turbo zilizoundwa kwa soko la Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu kuliko inayopatikana kwenye vituo vyetu vingi, kwa hiyo nafasi ya kuvumilia ni ndogo tangu mwanzo. Pistoni za EJ nazo hazivumilii kugonga: huvunjika kwenye kingo zinazobeba ringi.

Kuhusu kopo la bei nafuu, angalia mambo mawili kabla ya kulipa. Kwanza, lifungue uone ndani. Kama ni tupu, bila vizuizi wala wavu, ukungu utaingia upande mmoja na kutokea wa pili. Kopo la maana lina bati linaloilazimisha gesi igeuke, pamoja na wavu wa chuma kisichoshika kutu ambao matone hujishika. Usijaze sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, maana hukatika vipande na vipande hivyo huishia kwenye turbo. Pili, pima tundu za kuunganishia mipira. Makopo mengi ya bei nafuu yana tundu za milimita 9, ilhali mipira ya pumzi ya injini kama hii ni minene zaidi. Tundu la milimita 9 halifiki hata robo ya eneo la tundu la milimita 19. Ukiibana pumzi namna hiyo, presha hubaki ndani ya bloku na kutafuta mahali dhaifu: sili ya krenki, gasketi za vifuniko, hata stiki ya oili huchomoka. Pima tundu la mipira yako kwa venia (kipimo cha milimita), kisha nunua kopo ambalo tundu zake hazipungui hapo. Ujazo wa mililita 500 hadi 750 unatosha.

Mipira nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nunua mpira wa oili, yaani wa naitraili, au ule wenye utando wa ndani wa kuzuia mafuta. Mpira wa rejeta au wa hita hulainika na kuvimba ukikutana na oili. Silikoni ya kawaida huvujisha jasho la oili. Ule wa plastiki angavu hukakamaa kwa joto na kupasuka, au hujibana unapovutwa. Mita 2 hadi 3 zinatosha, na kila ncha ya mpira iwe na klipu yake.

Kwa gari la matumizi ya kila siku, tunashauri uache vali ya PCV ifanye kazi yake, na kopo likae kwenye njia ya kwenda turbo. Fanya hivi injini ikiwa baridi. Ondoa intakula, kwa kuwa imekalia sehemu unazozitaka. Weka alama kwenye kila mpira kabla ya kuuchomoa. Kiungo cha plastiki chenye midomo mitatu, kinachounganisha bloku, vali ya PCV na paipu ya hewa, huwa kimekauka na huvunjika kwa kuguswa, kwa hiyo uwe na kingine mkononi. Vali ya PCV nayo ibadilishe papo hapo. Ile ya zamani ukiitikisa bila kusikia kitu kikicheza ndani, ujue imeganda.

Unganisha mipira ya silindahedi zote mbili, na mdomo wa kiungo uliokuwa ukienda kwenye paipu ya hewa, kwenye mlango wa kuingilia wa kopo. Mlango wa kutokea urudishe kwenye tundu lilelile la paipu kabla ya turbo. Ukitaka kopo la pili kwenye njia ya PCV, liweke kati ya kiungo na vali, vali ikibaki upande wa manifoldi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Vali ikiondolewa, au ikifungwa kinyume, presha ya turbo itaingia kwenye kopo na kwenye bloku, na sili zitaanza kuvuja siku hiyohiyo.

Funga kopo mbali na turbo, ambayo kwenye gari lako ipo nyuma upande wa kulia. Kopo likipata joto, ukungu haugandi kuwa matone. Breketi iwe ya bati la milimita 3, na boliti zishike kwenye bodi, si kwenye injini inayotikisika. Mpira uteremke au upande moja kwa moja. Ukining'inia katikati, oili itatuama pale na kuziba njia.

Kabla ya kulifunga, ziba tundu moja la kopo, lizamishe kwenye ndoo ya maji na upulize tundu la pili. Viputo vikitokea kwenye kizibo cha kumwagia, badilisha wosha yake, kwa sababu uvujaji huo utaingiza hewa ambayo sensa haijaipima. Ukimaliza kufunga, washa injini, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi juu ya mdomo. Karatasi ivutwe kidogo na kushika. Ikirushwa juu, pumzi imebanwa mahali fulani. Zima na ukague upya. Kaza klipu tena baada ya kilomita 200 hivi, na umwage kopo kwa mara ya kwanza ukifika kilomita 1,000.

Fundi wangu amefunga kopo lenye kichujio kidogo juu, mpira wa kurudi kwenye turbo akauziba. Tangu hapo gari likisimama kwenye foleni injini inapanda na kushuka, na taa ya injini imewaka. — Msomaji, Kinondoni

Kopo lako liko wazi kwa hewa ya nje huku vali ya PCV bado inavuta. Injini inavuta hewa kupitia kichujio kile, kisha bloku, kisha manifoldi, na hewa hiyo haijapita kwenye sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia. Kompyuta inapima petroli ya hewa iliyoiona tu, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na msimbo P0171 ni wa kawaida katika hali hii. Ondoa kichujio, ziba tundu lake, na urudishe mpira kwenye paipu kabla ya turbo. Kama unasikia harufu ya oili ndani ya gari, nayo itaondoka.

Kopo la mililita 750 linajaa oili kila kilomita 500. Nifunge kubwa zaidi? — Msomaji, Mombasa

Hapana. Kopo linakuonyesha ugonjwa uliokuwepo, na ukubwa wake hautautibu. Injini nzima kiafya huacha vijiko vichache tu kwa umbali huo.

Anza na yale yasiyo na gharama. Angalia stiki gari likiwa limesimama tambarare: oili ikizidi alama ya juu, krenki huipiga na kuirusha kwenye mipira. Kagua vali ya PCV. Hakikisha hakuna mpira uliopondeka wala tundu jembamba, maana gesi ikipita kwa kasi mahali pembamba hubeba oili zaidi.

Yote yakiwa sawa, pima injini. Kipimo cha kompresheni kifanyike injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka mwisho. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya silinda inatia shaka. Kisha omba kipimo cha uvujaji, ambacho hewa ya kompresa huingizwa kwenye silinda pistoni ikiwa juu kabisa na vali zimefungwa. Upotevu chini ya asilimia 10 ni mzuri. Ukizidi 20, sikiliza hewa inatokea wapi. Ikisikika kwenye mdomo wa kujazia oili, ringi zimechoka. Kwenye eksozi, ni vali ya kutolea moshi. Kwenye njia ya hewa, ni vali ya kuingizia. Viputo kwenye rejeta ni gasketi ya silindahedi. Kama ni ringi, weka fedha yako kwenye ovahoo, kopo lisubiri.

Ndani ya kopo nakuta uji mweupe wa rangi ya maziwa. Gasketi imekufa? — Msomaji, Njombe

Si lazima. Kwenye baridi kama ya kwenu, na safari fupi za mjini, oili haipati moto wa kutosha kuukausha mvuke wa maji, basi maji na oili huchanganyika kwenye kopo. Ni afadhali uji huo ukae pale kuliko kwenye injini. Angalia stiki na kiwango cha maji ya rejeta. Stiki ikiwa safi na maji hayapungui kwa wiki mbili, mwaga kopo na uendelee na safari zako, ila mara mojamoja endesha gari nusu saa nzima bila kulizima. Maji yakipungua, au stiki nayo ikiwa na rangi hiyo, usiwashe gari. Liburuzwe hadi gereji.

Je, Hilux ya dizeli yenye injini ya 1KD inahitaji kopo? — Msomaji, Morogoro

Inafaidika nalo. Kwenye dizeli ya turbo ukungu wa oili hukutana na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) ndani ya manifoldi, na viwili hivyo hutengeneza lami nzito inayobana njia ya hewa mwaka hadi mwaka. Kufunga ni rahisi kuliko kwenye petroli, kwa kuwa mpira ni mmoja: unatoka kwenye kifuniko cha juu cha injini na kwenda paipu ya hewa kabla ya turbo. Kata njia hapo, weka kopo katikati. Chagua lenye tundu za milimita 19 na vali ya usalama inayofunguka wavu ukiziba.

Lakini kopo la dizeli lisisahaulike. Likijaa, turbo huifyonza oili yote kwa mkupuo, na injini ya dizeli huichoma oili hiyo kama mafuta. Inapanda mizunguko yenyewe, na kuzima swichi kunaweza kusisaidie. Gari la gia za mkono: weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi mpaka injini izimike. La otomatiki: ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao bapa au kitu kigumu kisichofyonzwa. Usitumie mkono wala kitambaa. Kwa gari la kazi, angalia kopo kila wiki na ulimwage kabla halijafika nusu. Unachomwaga usikirudishe kwenye injini, kina maji na masizi. Kipeleke gereji pamoja na oili chafu ya servisi.

Golf yangu ya TSI inamisi asubuhi, fundi anasema vali zina makaa. Kopo litayaondoa? — Msomaji, Nairobi

Halitayaondoa. TSI hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo migongo ya vali za kuingizia haioshwi na petroli kama kwenye EJ. Safisha vali kwanza, kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi au kwa mkono, ndipo ufunge kopo ili makaa yachelewe kurudi.

Huku baridi inashuka chini ya nyuzi 20 za hasi. Niache kopo langu wakati wa baridi? — Msomaji, Minneapolis

Ukiweza, liondoe Novemba na urudishe mipira ya awali hadi barafu iishe. Maji yaliyomo kwenye kopo na mipira huganda, njia hufungwa, na presha huisukuma nje sili ya nyuma ya krenki. Kuibadilisha sili hiyo ni kushusha gia boksi. Ukiliacha, lisogeze karibu na injini kuliko tunavyowashauri wa nchi za joto, ivishe mipira soksi ya kuhifadhi joto, na ulimwage kila unapojaza tangi, injini ikiwa bado na moto. Baada ya usiku wa baridi kali, rudia kipimo cha karatasi kabla ya kuondoka.