Springi za valvu: ngumu kuliko zote?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX, injini ya EJ20 yenye turbo. Nimefunga turbo kubwa kidogo, presha sasa inafika bar 1.4. Ikipita mizunguko 6,500 gari linakata nguvu na kutatarika kwenye ekzosi. Muuza vipuri anataka kuniuzia springi za valvu ngumu kuliko zote alizonazo, za magari ya mashindano. Kemshafti zangu (shafti zinazofungua valvu) ni zile za kiwandani. Ninunue?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo usinunue. Na kabla hujanunua zozote, chomoa plagi. Presha ikipanda, cheche hushindwa kuruka mwanya mpana. Punguza hadi milimita 0.6 au 0.7 ujaribu tena. Magari mengi yanayoletwa kwangu "kwa ajili ya springi" huponea hapo, kwa gharama ya plagi nne.

Ikiwa bado, basi huenda valvu zinaelea: kemshafti imeshapita, springi bado haijairudisha valvu kitini. Halafu kuna jambo ambalo huyo muuzaji hakukwambia. Presha ya turbo inaisukuma valvu ya kuingiza hewa kutoka mgongoni, ikitaka kuifungua. Valvu hiyo kwenye EJ20 ina kipenyo cha milimita 36, yaani eneo la sentimita mraba 10 hivi. Kwa bar 1.4, springi inapingwa na kilo 14 na ushei. Hapo awali presha ilikuwa ndogo, kwa hiyo unachofidia ni tofauti tu. Ni kilo chache. Springi ya mashindano inakuletea mzigo usiouhitaji: inakula kemshafti na tapeti (vipande vilivyo kati ya kemshafti na valvu), inagonga viti vya valvu, na inaichosha taimingi belti, ile inayozungusha kemshafti. Belti ya EJ ikikatika, valvu hukutana na pistoni.

Mwombe muuzaji karatasi ya vipimo: nguvu ya springi valvu ikiwa imefungwa, nguvu ikiwa wazi, na urefu ambao koili zake hubanana kabisa. Hana karatasi? Ondoka. Ikiwa imeandikwa kwa pauni, zidisha kwa 0.45 upate kilo.

Kisha fundi wa silinda hedi apime urefu wa springi ikiwa mahali pake, valvu moja moja. Kiti kilichosagwa huizamisha valvu, springi ikapata nafasi na kulegea. Dawa yake ni washa nyembamba chini ya springi, wala si springi nyingine. Tuseme amepata milimita 36, na kemshafti inainua 9. Zinabaki 27. Springi ikibanana kwenye 25, una nafasi ya 2, inatosha. Ikishuka chini ya 1.5, mimi siifungi.

Springi pacha, moja ndani ya nyingine? Zina faida: moja ikivunjika, nyingine huishika valvu isitumbukie silindani. Kwa rali sawa, kwa barabara ya Malindi springi moja nzuri yatosha. Kofia za titani zinazokaa juu ya springi, achana nazo, pesa hiyo nunua sili mpya za valvu.

Badilisha zote 16 injini ikiwa imeshushwa. Usizichokoe kwa bisibisi, maana ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Zipake oili, na ukimaliza zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikikwama popote, usiguse swichi.