Uliza Mpigapicha: Nipige RAW au JPEG?

*Shikamoo mama. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Morogoro, huu ni mwaka wa pili. Kamera yangu ni Nikon D5300, kadi ni moja tu ya GB 32. Wenzangu wananisema kwamba fundi anayejua kazi hapigi JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, anapiga RAW, yaani faili ghafi la kamera. Nikajaribu kwenye sherehe moja, nikaweka RAW na JPEG kubwa kwa pamoja. Kadi ikajaa kabla keki haijakatwa, kompyuta yangu yenye RAM ya GB 4 ikagoma, na wenye shughuli wakataka picha za WhatsApp usiku uleule. Nikarudi JPEG. Nimekosea?*
*Kijana wa Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kwa usiku ule hukukosea. Mwenye shughuli anataka picha, na wewe ulikuwa unakwama. Lakini usibaki hapo, na sababu nitakupa kwa harusi moja ambayo mpaka leo inaniuma.

Ilikuwa Pangani, mwaka 2011. Usiku wa kuamkia ndoa nilipiga ndani ya nyumba yenye taa za balbu, nikaweka mizani ya rangi, ile iliyoandikwa WB inayoiambia kamera mwanga ni wa aina gani, kwenye alama ya balbu. Asubuhi nikasahau kuirudisha. Saa saba mchana bwana harusi anatoka msikitini, amevaa kanzu nyeupe yenye tarizi ya uzi wa rangi ya maziwa kifuani, nyuma yake ukuta wa chokaa. Jua lilikuwa kali hata kioo cha kamera hakisomeki. Nilipiga JPEG tupu. Jioni, nilipozifungua, zote zilikuwa za bluu. Mama wa bwana harusi alikuja akaishika picha moja kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Mbona mwanangu kama mgonjwa?"

Nilihangaika nazo siku tatu. Nikiondoa bluu, uso unakuwa wa majivu, na chini ya kidevu panatokea mabaka yenye kingo, moja juu ya jingine, kama mistari ya maji yaliyokauka ukutani. Kanzu nilifanikiwa kuifanya iwe nyeupe, lakini tarizi haikurudi. Fundi aliyeishona aliifanyia kazi wiki nzima, na kwenye picha zangu ni kifua kitupu.

Ukielewa kilichotokea pale, umeelewa RAW ni nini. Kihisio cha kamera yako, yaani kile kinachopokea mwanga badala ya mkanda, hakioni rangi, kinapima mwanga tu. Juu ya kila kidoa chake kuna kichujio kimoja, ama chekundu, ama cha kijani, ama cha bluu, na vya kijani ni mara mbili ya vingine. Mpangilio huo aliubuni Bryce Bayer wa Kodak, akapewa hataza mwaka 1976, na ndio uliomo ndani ya D5300 yako. RAW ni vipimo hivyo kabla havijapikwa. Kamera yako inaweza kuvihifadhi kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 kutoka kwenye kiza hadi kwenye weupe. WB uliyoiweka haijavigusa. Imeandikwa pembeni kama maelekezo tu, na unaweza kuyabadilisha baadaye nyumbani bila kupoteza chochote.

JPEG, ambayo kiwango chake kilitolewa 1992, ni picha iliyokwisha kusafishwa na kamera yenyewe. Imekuchagulia rangi, imekoleza, imenoa kingo, halafu imebana. Ngazi zinabaki 256 kwa kila rangi. Kisha picha inakatwa vipande vya pikseli, yaani vidoa vya picha, 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande zinatupwa tofauti ndogondogo ambazo jicho halizishiki kirahisi. Ni ufundi mkubwa, nauheshimu, bila huo tusingekuwa tunatumiana picha. Ila kilichotupwa kimetupwa.

Kule Pangani kamera yangu iliamini iko chini ya balbu ya manjano, kwa hiyo ikapandisha bluu na kuibana nyekundu. Juani, bluu ya kanzu ikagonga 255, ngazi ya juu kabisa ukihesabu kuanzia sifuri, ikagota hapo, kitambaa na uzi wa tarizi vikawa namba moja. Nyekundu, ambayo ndiyo inayobeba uhai wa ngozi zetu, ikabakiwa na ngazi chache. Nilipoivuta juu, ngazi zikaachana, ndiyo yale mabaka. Kama ningekuwa na RAW ningebofya mara moja kwenye sehemu ya kijivu ya ukuta, kazi ikaisha.

Na hata bila kusahau WB, sisi wa huku tuna jambo letu. Ngozi nyeusi na kitambaa cheupe katika fremu moja, jua la utosini: hiyo ndiyo harusi ya mchana pwani na bara. Ukilinda kanzu au shela isiungue kwa weupe, uso unazama gizani. Ukiufuata uso, shela inaungua. Kwenye RAW naupima mwanga kwa ajili ya kitambaa, kisha nyumbani naunyanyua uso, na ngozi inanyanyuka na rangi yake. Usiniamini kwa maneno. Mweke mwenzako mwenye shati jeupe mlangoni, nusu juani nusu kivulini, piga RAW na JPEG kwa pamoja, halafu zote mbili uziongezee mwanga hatua mbili, yaani +2 kwenye programu ya kurekebishia picha. Kuza picha, utazame chini ya kidevu na pembeni mwa pua.

Sasa kazi yako ya wiki ijayo. Weka RAW pamoja na JPEG, lakini JPEG iwe ile ya daraja la chini kabisa, "basic". Hiyo ndiyo utakayowarushia watu WhatsApp usiku huohuo, inatosha kabisa kwa simu. RAW iweke biti 12. Bado unapata ngazi 4,096 na faili linapungua. Kwa mpango huo kadi ya GB 32 itakupa picha kama elfu moja. Hata hivyo nunua kadi ya pili kabla hujanunua lenzi nyingine yoyote, na usiifute kadi mpaka picha ziwe zimekaa mahali pawili.

Kuhusu kompyuta, usifungue RAW zote elfu. Pitia zile JPEG ndogo, chagua themanini au mia utakazotia kwenye albamu, kisha fungua RAW za hizo tu, chache chache. Nikon wanatoa programu ya NX Studio bure. RawTherapee na darktable nazo ni za bure. Kwa GB 4 zitakwenda polepole; ongeza RAM ukipata nafasi.

Mahali pamoja nakuruhusu JPEG peke yake: wakati wa kutunza, watu wanapocheza na noti mkononi na wewe umeshikilia kitufe. RAW huijaza haraka kumbukumbu ya muda ya kamera, na kamera inakuganda mkononi. Bonyeza kitufe nusu, utazame kwenye tundu la kuchungulia: herufi r na namba iliyo mbele yake ndiyo idadi ya picha zilizobaki kabla ya kuganda.

Wala wasikudanganye kwamba RAW inaponya kila kitu. Picha iliyotikisika imetikisika. Weupe uliopita uwezo wa kihisio hauna kipimo cha kurudisha. Na zile taa za ukumbini za zambarau na bluu zikimmulika bi harusi usoni, RAW nayo inashindwa, kwa sababu rangi nyingine hazikuwepo kwenye mwanga wenyewe. Mwombe MC wazizime kwa dakika tano upige za familia. Mimi huwa naomba, na sijawahi kukataliwa.

La mwisho kwako. Nilianza kazi hii 1993 katika studio ya marehemu baba, Ngamiani, Tanga. Mkanda ukishasafishwa, mteja alichukua picha, negativu zilibaki kwetu kwenye bahasha zenye tarehe. Mwaka juzi alikuja mama mmoja kutafuta picha ya mumewe, aliyekwisha kufariki. Alikuwa nayo, lakini imeliwa na unyevu upande wa uso. Niliikuta negativu ya 1996, nikamtolea picha kubwa ya ukutani. Akija mtu kutafuta harusi niliyopiga 2009, nina JPEG tu, imeshabanwa na kukolezwa na kamera ya wakati ule, na ndivyo itakavyobaki. Diski ya TB 1 inabeba harusi zaidi ya thelathini za RAW. Anza kutunza bahasha zako sasa.

*Nina picha za JPEG za wazazi wangu, zimepigwa 2006. Jirani ameniambia nisizifungue ovyo, eti kila zikifunguliwa ubora unapungua. Tena niliyomtumia dada yangu Muscat imefika imefifia. Nikizigeuza ziwe TIFF zitarudi kama zamani?*
*Mwalimu mstaafu, Bagamoyo*

Shikamoo mwalimu. Zifungue, uzitazame kila siku ukipenda. Kufungua hakupunguzi kitu, wala kunakili kwenye flashi au diski nyingine. Kinachopunguza ni kuibadilisha picha na kuihifadhi upya: umeikata kidogo ukahifadhi, kesho umeongeza mwanga ukahifadhi, keshokutwa tena. Kila mara inabanwa upya, na madoa madogo yanaanza kuonekana kwenye kingo, hasa pale kichwa kinapokutana na anga. Kwa hiyo picha za asili ziweke kwenye folda yake, zisiguswe, na ukitaka kurekebisha, rekebisha nakala.

TIFF ni faili la picha ambalo kwa kawaida halitupi kitu linapohifadhiwa, lakini haitarudisha kilichokwishatupwa. Ina faida moja tu kwako: fundi akitaka kuifanyia kazi kwa awamu nyingi, ahifadhi TIFF katikati ya kazi ili asiendelee kupoteza.

Ya Muscat ni WhatsApp. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ukubwa na kubanwa tena. Safari nyingine, kwenye alama ya kuambatisha, usichague picha, chagua waraka (document), kisha uitafute picha humo. Itafika kama ilivyo, naye ataweza kuichapisha. Wala usisubiri: zitume mwezi huu, zikae Bagamoyo na Muscat. Moto na wezi hawaji nyumba mbili siku moja.

*Mimi ni mwandishi wa gazeti. Mhariri wa picha hataki kabisa RAW, anasema nitume JPEG kama ilivyotoka kwenye kamera. Naona ananirudisha nyuma.*
*Mwandishi, Dodoma*

Mdogo wangu, mhariri wako yuko kwenye njia inayojulikana. Novemba 2015 shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapigapicha wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka kwenye RAW, watume zilizotoka kwenye kamera zikiwa JPEG, na marekebisho yawe madogo kama kukata kingo na kusawazisha mwanga. Sababu zilikuwa mbili: haraka, na ukweli wa picha. RAW inampa mtu nafasi kubwa ya kuikoleza anga mpaka maandamano ya saa nne asubuhi yaonekane ya magharibi.

Ila hawakuwakataza kupiga RAW kwa wakati mmoja na JPEG, na hilo ndilo ninalokushauri. Tuma JPEG, RAW kaa nayo. Akija mtu kudai kwamba picha si yako au umeichezea, ile RAW ndiyo shahidi wako. Shindano la World Press Photo nalo huwataka wanaokaribia ushindi waonyeshe faili za asili. Na kwa kuwa JPEG yako ndiyo itakayochapishwa, jifunze kuipatia palepale: badilisha WB kila unapotoka ukumbini kwenda nje, punguza mkolezo wa kamera, na itazame chati ya mwanga (histogram) kwenye kioo cha kamera kabla hujaondoka.

*Simu yangu ina sehemu ya RAW, inaandika faili la DNG. Nimepiga usiku, DNG ina chengachenga na ni mbaya kuliko JPEG. Simu ni mbovu?*
*Msomaji, Kigamboni*

Si mbovu. DNG ni aina ya RAW iliyotolewa na Adobe mwaka 2004, na simu nyingi huitumia. Kihisio cha simu ni kidogo mno, kwa hiyo usiku simu hupiga fremu nyingi kwa haraka, inazipanga na kuziunganisha, na JPEG unayoiona ni ya fremu zote hizo pamoja. DNG ya simu nyingi ni ya fremu moja tu, chengachenga zake zote zimo. Usiku tumia JPEG ya simu na uiegemeze mahali isitikisike. DNG iache kwa mchana, hasa ukiwa kwenye kivuko na mawingu ni meupe kuliko maji: hapo mawingu yatakuwa na umbo, na nyuso za abiria utaweza kuzinyanyua.