Utatazama nini Marstal

Mwanangu Salma,

Umeniuliza mtu anafanya nini saa nzima kwenye makumbusho ya kimji cha bandari, ambako kila chumba ni vimeli ndani ya kioo na maandishi ya Kidenishi. Kwa makumbusho ya mabaharia ya Marstal, mji wa bandari katika kisiwa cha Ærø, Denmark, saa moja haitakutosha. Tenga tatu, na ya kwanza usiingie ndani.

Kutoka Odense panda treni hadi Svendborg, kisha feri ya Ærøskøbing. Majini ni kama dakika 75. Mabasi ya kisiwani hayatozi nauli, na yatakufikisha Marstal. Kabla hujatoka, hakikisha saa za kufungua za siku ileile unayokwenda. Msimu wa joto ukipita, makumbusho ya miji midogo hupunguza saa, na anayekwenda Novemba kwa ratiba ya Julai hukuta kufuli. Jua pia feri ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi, maana hiyo ndiyo bosi wa siku yako.

Ukifika, shuka bandarini. Utaona boma la mawe la kukinga mawimbi limejinyoosha majini karibu kilomita moja. Wenyeji walianza kulijenga mwaka 1825 kwa mikono yao, hasa wakati wa baridi, vyombo vikiwa vimetia nanga na mabaharia wako nyumbani. Mwishoni mwa karne ya 19 mji huu mdogo ulikuwa na vyombo vya matanga zaidi ya 300. Ingia makumbusho ukiwa na hesabu hiyo kichwani.

Humo usijaribu kutazama kila kimeli, utachoka kabla ya chumba cha tatu. Anza na vile vimeli vya nusu, yaani ubavu mmoja tu, vilivyobandikwa kwenye ubao ukutani kama samaki aliyepasuliwa. Wageni huvipita wakidhani ni mapambo. Nusu ile ndiyo iliyokuwa mchoro wa fundi: alichonga ubavu mmoja tu, kwa kuwa wa pili ni uleule umegeuzwa. Mara nyingi imeungwa kwa tabaka za mbao. Fundi akizitenganisha, ukingo wa kila tabaka unampa umbo la chombo kwenye kimo kile; anapima, anazidisha, kisha anachora mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa ukubwa wake halisi. Na kosa nalo huzidishwa. Kipimo kikiwa 1 kwa 48, milimita 2 zilizopotea kwenye nusu ile ni karibu sentimita 10 kwenye chombo chenyewe. (Mafundi wetu wa Nungwi wanaopima kwa jicho wangecheka, lakini nao jicho likikosea wanalipa.) Usiitazame kwa ubavu. Inama, angalia kutoka omo (mbele) kuelekea tezi (nyuma): tumbo likiwa pana na bapa, chombo kilijengwa kwa ajili ya shehena, likibanwa chini kuelekea mkuku, ule uti wa chini wa chombo, mwenye chombo alitaka mbio.

Kisha hesabu milingoti ya vimeli vizima, ujue aina kwa majina yake ya Kidenishi. Jagt ina mmoja. Galease ina miwili, wa mbele ukiwa ndio mrefu. Skonnert ina miwili au zaidi, na wa mbele hauwazidi wenzake. Ukiona foromali, yaani mti wa tanga uliokingama, juu ya mlingoti wa mbele, hiyo ni topsejlsskonnert. Skonnert ilipendwa kwa sababu ya mishahara: matanga yake mengi huendeshwa kutoka sitahani bila watu kupanda juu, hivyo mabaharia watano sita walitosha.

Na hao watano sita walivuka Atlantiki ya kaskazini. Walipakia chumvi Hispania au Ureno, wakaipeleka Newfoundland, kisiwa cha Kanada, wakarudi na chewa wa bahari ya baridi (cod) aliyekaushwa kwa chumvi, ambaye Wadenishi humwita klipfisk. Uliza sehemu inayohusu safari hizo. Kwangu ndiyo moyo wa nyumba ile. Wakati wa baridi, maji yanayoruka huganda kwenye kamba na milingoti. Chombo kinakuwa kizito juu kuliko chini, na usipoibomoa barafu kwa shoka na nyundo, kinapinduka. Ndiyo maana kwenye vibao tafuta neno forlist, yaani kilizama au kilivunjika. Ukikuta med mand og mus, “pamoja na watu na panya”, hakuna aliyeokoka. Værft ni karakana ya meli, styrmand ni msaidizi wa nahodha.

Picha za meli zilizochorwa kwa rangi zitakuchosha kwa kufanana: ubavu mmoja, matanga yote juu, bendera, jina chini. Zilikuwa biashara. Nahodha aliagiza kwa mchoraji wa bandari ya ugenini, naye aliweka mandhari ya pale nyuma, mlima wa Vesuvius kwa mfano, ijulikane meli ilifika Napoli. Mawimbi yamechorwa ovyo, lakini kamba ziko sawa. Mteja alizijua moja moja. Mchoraji wa kweli ni Carl Rasmussen, aliyepotea baharini mwaka 1893 akirudi kutoka Greenland. Kaa kwake dakika kumi.

Kisha nenda kanisani. Picha yake ya Yesu akituliza dhoruba iko madhabahuni, na nyuso za mashuani alizichukua kwa watu wa mji. Inua macho pia kwenye meli zilizoning'inizwa darini. Kwa desturi ya Denmark omo huelekezwa madhabahuni. Usizipime kama zile za makumbusho: meli za kanisani mara nyingi hupewa milingoti na mizinga mikubwa kupita kiasi, kwa kuwa hutazamwa kutoka chini.

Chukua koti la kuzuia upepo. Kule kwenye boma hakuna pa kujificha.

Baba yako