Fungueni Yai Viza Kabla ya Kutafuta Mizoga

Nawaandikia ninyi mnaoanza kufuatilia bata mwitu kwenye mabwawa ya majitaka ya Dandora, kule Ruai, na kandokando ya Mto Nairobi. Wengi huja wakitarajia mizoga inayoelea, na wakiwaona bata wamenawiri, wanasadiki kwamba maji hayo ni salama. Lakini sumu za aina nyingi hazimwui ndege aliyekomaa. Humwacha atage, aatamie hadi siku zake zitimie, na mayai yasianguliwe.

Ulizeni kwanza jike alikula nini majuma machache kabla ya kutaga. Bata wengi hujilisha mbegu na majani, ila jike anayejiandaa kutaga huhitaji protini nyingi, kwa hiyo hugeukia mabuu ya wadudu na konokono wanaoishi katika tope, na humo ndimo sumu hutuama. Ikishaingia mwilini mwake, kila sumu hushika njia yake: zebaki ya methili, yaani zebaki iliyogeuzwa na bakteria wa topeni, hushikamana na protini na kujaa zaidi kwenye ute, ilhali DDE, ambayo ni mabaki ya dawa ya kuulia wadudu ya DDT, hufuata mafuta ya kiini. Anayepeleka maabara kiini peke yake atakosa zebaki iliyo nyingi. Koroga yai zima.

Mfano ninaourejea kila mara ni wa Kesterson, California, ambako maji yaliyochujika kutoka mashamba ya umwagiliaji yalikusanywa mabwawani yakiwa na seleniamu, elementi ya asili ya udongoni ambayo ikizidi huwa sumu. Mwaka 1983 watafiti walikuta humo viinitete vya bata na ndege wengine wa majini visivyo na macho, vingine vikiwa na midomo au miguu iliyopotoka. Mtu aliyesimama ukingoni na darubini asingeyaona hayo.

DDE kazi yake ni nyingine: huzuia kalsiamu kufika kwenye ganda, nalo huwa jembamba hadi kupasuka chini ya uzito wa mama. Bata huathirika, lakini kuku huivumilia vizuri sana, kwa hiyo msikubali kushawishiwa kwamba jaribio la mayai ya kuku linatosha.

Katika msimu wangu wa pili niliyaweka mayai mazima kwenye friza nikidhani nayahifadhi. Maji ya ndani yaliganda, yakapanuka, na asubuhi nikakuta maganda yamepasuka na ute umegandia kwenye trei. Kazi ya miezi mitatu ilipotea, na bado inaniuma, kwa kuwa mayai yale hayakuwa na mbadala. Tangu hapo hupima urefu, upana na uzito wa yai siku hiyohiyo, nikalikata katikati, nikamimina vilivyomo kwenye chupa safi ya kioo, nikaosha ganda kwa maji na kuliacha likauke mwezi mmoja kabla ya kushika mikromita, kifaa cha kupimia unene. Alama kwenye ganda huandikwa kwa penseli, kamwe si kwa wino.

Msisahau oili chafu ambayo magereji humwaga kwenye mitaro, ikaishia mtoni. Jike akilowa kidogo tu kifuani, huyapaka mayai anapoyaatamia, na kiasi kisichofikia hata tone moja kinaweza kuua kiinitete, hasa katika siku za mwanzo. Kwa hiyo tazameni ganda kwa nje kabla ya kuliosha.

Kibali cha Huduma ya Wanyamapori ya Kenya (KWS) kiwe mkononi kabla hamjagusa kiota chochote. Mkiokota mayai viza peke yake, mtapata picha mbaya kuliko hali halisi. Ombeni ruhusa ya kuchukua yai moja bichi katika kila kiota mlichokichagua. Na ganda la yai lililoanguliwa lisilinganishwe na la yai bichi, kwa sababu kifaranga hunyonya kalsiamu ya ganda anapokua, na wembamba huo hautokani na sumu.