Jeli yako ya nywele inavutika kama gombo, yaani bamia? Soma kwanza yaliyonikuta

Juzi dada mmoja wa Goma ameniandikia: "Mama, jeli yangu inavutika kama gombo na haishiki hata nywele za mtoto. Nimekosea wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nilikumbuka harusi moja hapa Bukavu ambayo mpaka leo sipendi kuizungumzia.

Wakati ule nilikuwa napika jeli ya mbegu za kitani, zile tunazoziita lin, jikoni kwangu Kadutu. Kipimo ni kilekile cha leo: robo kikombe cha mbegu, vikombe viwili vya maji. Bibi harusi alitaka nywele zilale mpaka usiku. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyesifiwa mara tatu, nikachanganya na uji wa unga wa muhogo ili ishike zaidi. Asubuhi kichwa kiling'aa. Saa nane, kanisani, shangazi yake akaanza kumpangusa mabega. Unga mweupe, jamani, kama mba! Nami nimeketi benchi la tatu na kitenge changu kipya. Hakuna aliyenitukana. Pesa iliyobaki sikuidai, nao hawakuileta.

Wanga ukikauka kwenye nywele hupukutika, na ndani ya kikopo hutema maji. Nani angeniambia?

Sasa wewe wa Goma: umechemsha kupita kiasi. Ukingoja jeli iwe nzito ndani ya sufuria umeshachelewa, maana huzidi kuwa nzito ikipoa. Moto mdogo, koroga, na inapodondoka kwenye mwiko kama ute wa yai, ipua. Kwangu ni kama dakika 10, ila fuata mwiko, usifuate saa. Sisi wa Kivu tuko juu, karibu mita 1,500; maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi dakika za watu wa pwani zisikusumbue. Ichuje ingali moto, kwa kolani safi, zile soksi ndefu nyepesi za kike. Ikishapoa utakamua mpaka vidole viume. Ikizidi uzito, ongeza maji ya moto na uchuje tena. Ikiwa nyepesi, irudishe motoni na mbegu zake.

Vidonge vyeupe kichwani mara nyingi si kosa la jeli, ni ugomvi wake na krimu uliyopaka kwanza. Changanya kidogo cha vyote viwili kiganjani. Vikigandana hapo, vitagandana na kichwani.

Na ninyi vijana, acheni tamaa! Leo umejaribu mara moja, kesho unauza bidoni nzima, dumu zima. Jeli hii ni maji na chakula cha vijidudu: nje ya frigo siku chache tu imeoza, frigoni wiki moja, ikizidi sana mbili, na umeme wetu mnaujua. Ikinuka uchachu au ikigeuka maji ghafla, mwaga. Wapo wanaoitia manukato na kuiuza hivyohivyo, tena wanaitwa mabingwa. Mungu anawaona.

Jumamosi iliyopita nimemtengeneza mdogo wake yule bibi harusi. Kitani tupu na kijiko cha chai cha gliserini, basi. Shangazi alikuwepo. Mchana alimsogelea, akapitisha mkono mabegani mwake, akautazama mkono wake, akaupitisha tena. Kisha akaniuliza bei ya kikopo.